Ngozi ya Simba Kichwani mwa Kaisari

Heraklea, Mei, siku ya kumi

Kwa mdogo wangu Eumelos, mchonga chapa za sarafu, Roma.

Kama barua hii inakukuta unapumua, mshukuru Herakle. Kama inakukuta kitandani, kunywa divai ya moto na uache kujihurumia, maana nakujua. Huku tu wazima. Jodari wamepita wengi mwaka huu, mji mzima unanuka chumvi na matumbo ya samaki, na paka wamenenepa hadi hawakimbii mtu. Binti yangu ameota meno. Paa la jikoni linavuja tena, na fundi ni yuleyule mlevi.

Mume wangu Zosimos amechaguliwa mkuu wa mji kwa mwaka huu. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemburuta yule mbwa wa vichwa vitatu kutoka kuzimu kupitia pango letu. Mji umepata ruhusa ya kupiga sarafu zake za shaba, na jina la Zosimos litaandikwa pembeni. Upande mmoja tunataka Herakle akitoka pangoni na mbwa wake, kama tulivyosimuliwa tangu utotoni. Upande wa pili baraza limeamua iwe sura ya Kaisari, amejifunika ngozi ya simba kichwani kama vile yeye ndiye Herakle. Zosimos aliponiambia nilicheka hadi akaniomba nitoke chumbani. Yule mtu na Herakle wapi na wapi? Lakini anasema nifunge mdomo, kwamba hata huko kwenu ndivyo ilivyo sasa. Basi anakuomba, kwa kuwa wewe ni shemeji yake na mkono wako unasifiwa, utuchongee chapa hizo mbili.

Hilo ni la Zosimos. Langu mimi ni Tryfon. Kitinda mimba wetu alikufuata huko baada ya kamba ya meli kumkata mguu, akasema hapa bandarini kila mtu anamtazama kwa huruma na yeye huruma haimshibishi. Sikumzuia. Lakini sasa imetosha. Kuuza dengu za kukaanga mlangoni mwa uwanja wa michezo si maisha ya mtoto wa baba yetu. Nimemtengenezea chumba cha chini, hakina ngazi hata moja. Mwambie arudi, na aniandikie mwenyewe. Salamu zinazopitia kwako zinafika bila chumvi.

Dada yako, Melitine


Roma, Julai, siku ya nne

Dada Melitine,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, lakini imesomeka. Sisi wazima, isipokuwa kikohozi changu, ambacho hakitoki kwa sababu moshi wa kiwandani hautoki. Mpe pole fundi wa paa, ana kazi kubwa ya kulewa.

Zile chapa nitazichonga. Mbwa nitamchonga kwa furaha. Ile sura nyingine nitaichonga kama ninavyoichonga kila siku, yaani nikiwa nimeuma meno. Hujui, Dada, jinsi ninavyoichoka. Asubuhi tunaletewa kichwa chake cha chokaa, macho yamelegea, ndevu zimekunjwakunjwa na mashavu yamejaa, na juu yake taya la simba. Tunaambiwa tuandike pembeni kwamba huyu ni Herakle wa Warumi. Mwezi uliopita nilimwona mwenyewe akipita njiani. Mbele yake walibeba kiti, na juu ya kiti walilaza rungu na ile ngozi, nasi tukatakiwa tukiinamie kiti. Ngozi yenyewe haikukaushwa vizuri. Ilinuka hadi mwanamke aliyesimama mbele yangu akamziba mtoto wake pua, kisha akaogopa akaondoa mkono.

Na fedha yake ni ya uongo vilevile. Tunayeyusha shaba nyingi na fedha kiduchu, tunapiga, kisha tunachemsha kwenye siki na chumvi hadi shaba ya juu iliwe na ile fedha itokeze. Inatoka nyeupe inang'aa. Ikae kwenye mfuko wa mtu miezi michache, wekundu unaanza kuchungulia kwenye pua ya Kaisari. Kiwanda kizima kinanuka siki, shati langu linanuka siki, hata mkate wangu. Nimejifunza kazi hii kwa mapenzi, na sasa kila jioni najiona mchafu.

Tryfon amekaa hapa ananinyang'anya kalamu. Mwenyewe huyo.

Melitine, ni mimi. Usimwonee huruma huyu kaka yetu, anakula vizuri. Anaichonga ile sura mfululizo, nimemwambia ameanza kufanana nayo mashavu. Nakuja nyumbani. Siyo kwa sababu yako, usivimbe kichwa. Ni kwa sababu dengu za hapa zina mchanga na watu wa hapa hawajui kutaniana. Nitapanda meli baada ya zabibu kuvunwa, kabla bahari haijafungwa. Hicho chumba chako cha chini wape mbuzi. Mimi nitalala juu, ngazi nitapanda kwa makalio kama zamani, na wewe utapiga kelele kama zamani. Nichomee jodari, wa chumvi sili. Na mwambie mheshimiwa Zosimos kwamba nitamwinamia hadi chini akinilipia nauli, maana kwa mkongojo wangu kuinama si safari ndefu.

Ndugu zako, Eumelos na Tryfon


Heraklea, Septemba, siku ya pili

Kwa wadogo zangu wawili,

Herakle awalinde kila mnapoingia na mnapotoka. Nimesoma barua yenu kwa sauti mezani, na tulipofika kwenye kuinama kwa Tryfon, Zosimos hakucheka, jambo lililonifurahisha zaidi. Lakini nauli ametoa. Nimemkabidhi Mokas, yule mfanyabiashara wa divai, na mtu wake wa Roma atawapa. Mtoto anatembea sasa, anaangusha kila kitu. Zabibu zetu zimechelewa kwa mvua.

Sasa nisikilizeni. Huyo Mokas alikuja nyumbani jana kuleta divai, akakaa, na alipoona Zosimos ametoka akasogeza kiti. Aliniambia kwamba Kaisari ameanza kuingia uwanjani mwenyewe akiwa Herakle, na si wanyama tu anaoua. Kwenye nyumba yake ya nje ya mji, mbele ya rafiki zake, aliwakusanya watu waliopoteza miguu. Akawafanya wawe yale majitu yenye mikia ya nyoka ambayo Herakle aliyapiga vitani. Akawapiga kwa rungu. Watu wenyewe, siyo mfano wa watu. Na Mokas amesikia kwamba anataka kuurudia mchezo huo mbele ya umati.

Nilimuuliza Zosimos. Akasema ni uzushi wa watu wenye wivu, nisiurudie hata mbele ya mtumishi wa jikoni. Labda. Mokas namjua, divai yake ina maji nusu nzima, lakini kwa mambo ya namna hii sijapata kumsikia akidanganya. Naikumbuka ile sura tunayotaka kuiweka kwenye sarafu yetu na nataka kutema.

Herakle wetu aliingia kwenye lile shimo akatoka na mbwa aliyeogopwa na kila mtu. Ndiyo maana tunamwabudu. Mtu anayempiga rungu kilema yeye ni nini?

Tryfon, usingoje zabibu. Funga mzigo leo. Eumelos, mpeleke hadi kwenye meli, na usiondoke hapo kabla hujaiona inaondoka.

Dada yenu, Melitine


Roma, Novemba, siku ya tano

Dada Melitine,

Shikamoo, na msamehe mdogo wako kwa kuchelewa. Meli hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo bahari imefungwa hadi machipuko. Natumaini mmeshavuna, na kwamba paa limepona, na kwamba mtoto hajavunja kitu cha thamani.

Chapa za shemeji zimo ndani ya kitambaa cha nta, ndani ya kasha dogo. Asizishike kwa mikono yenye chumvi, zitashika kutu. Ile ya mbwa ndiyo iwekwe chini, kwenye fuawe, na ile ya sura iwe ya juu, ndiyo inayopigwa nyundo. Mpigaji awe mtu mwenye kiwiko kilichotulia. Shaba ipashwe moto hadi iwe nyekundu kidogo tu, ikizidi itapasuka pembeni. Vichwa vitatu vya mbwa nimevifanya kila kimoja kivyake, kimoja kinabweka, kimoja kinanusa, na kimoja kimegeuka nyuma kutazama pango. Nadhani mtapenda.

Tryfon hakuweza kusafiri. Anapumzika. Anakusalimu sana kwa heshima.

Hapa baridi imeanza. Kikohozi ni kilekile. Barua yako ya Septemba ilifika. Yale ya Mokas nakuomba usiyarudie kwa maandishi, barua hupita mikononi mwa watu wengi njiani. Nauli nimeipokea, ninayo.

Mdogo wako, Eumelos


Heraklea, Desemba, siku ya kwanza

Eumelos,

Salamu sina. Namtuma askari anayerudi kwa njia ya nchi kavu na nimemlipa asisimame.

Umeniandikia habari za fuawe. Umeniandikia kiwiko cha mpiga nyundo. Umenieleza kichwa kipi cha mbwa kinanusa na kipi kinabweka. Na ndugu yetu umempa mistari kama ya mgeni aliyepita njia. Tryfon ananisalimu kwa heshima? Tryfon? Huyo aliyeniita mama mbuzi siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe? Tangu alipojua kuandika hajawahi kukuachia karatasi bila kuchafua mwisho wake. Safari hii mwisho ni mweupe.

Na nauli unayo. Kwa nini unayo wewe?

Sitaki kuandikiwa kuhusu kikohozi chako. Sitaki tahadhari zako. Zosimos anasema nisikuulize, kwa ajili ya usalama wa nyumba hii, na ameshaanza kuzipiga zile sarafu, nyundo naisikia hadi jikoni. Nakuuliza hivyohivyo, na anayetaka kuisoma barua njiani aisome, macho yamtoke.

Yuko hai?

Melitine


Roma, Februari, siku ya ishirini

Dada,

Hayuko hai.

Nakuandikia sasa kwa sababu sasa inaandikika. Mtakuwa mmeshasikia kwamba Kaisari ameuawa, tena na watu wa nyumbani mwake, amenyongwa akiwa amelewa. Kabla ya hapo nisingeweza. Nilishika kalamu nikaandika habari za fuawe kwa sababu ndizo pekee ambazo mkono wangu ulikubali. Barua yako ya Septemba niliipokea siku niliyotoka kuzika.

Ilikuwa Oktoba. Tryfon alikuwa amefunga mzigo, meli ilikuwa ya keshokutwa yake. Asubuhi walipita watu mtaani na mkokoteni wa nyama ya kuchoma, wanatangaza kwamba Herakle wa Warumi siku hiyo ya michezo atawalisha vilema wote wa mji, bure, mezani kwake. Tetesi tulikuwa tumezisikia, lakini hapa tetesi kila kona ina yake, na nyama tuliiona kwa macho, inatoa moshi. Tryfon akasema Kaisari amemla yeye kodi ya dengu miaka yote, na yeye leo atamla Kaisari mbavu. Wakampandisha kwenye mkokoteni, akanipungia mkono na mfupa.

Mchana sisi wa kiwandani tulipelekwa uwanjani, kama kila siku ya michezo, tukakalishwa pamoja. Mbele yetu alisimama kiongozi wa kushangilia na fimbo yake. Kaisari aliingia na ile ngozi, nywele amezimwagia unga wa dhahabu, jasho limeushusha hadi kwenye ndevu. Kisha wakaletwa wale watu. Wamevishwa kuanzia kiunoni mifuko ya ngozi iliyoshonwa kama mikia ya nyoka, imepakwa rangi ya kijani. Walitambaa mchangani. Kila mmoja aliwekewa kikapu cha mawe ya kumrushia Herakle. Hayakuwa mawe. Zilikuwa sifongo.

Nilimtambua Tryfon kwa jinsi anavyoegemea mkono wa kushoto. Wengine walikuwa wanalia, wanapiga magoti ambayo hawana. Yeye alichovya sifongo yake kwenye dimbwi la damu lililoachwa na fahali aliyeuawa asubuhi, akangoja yule mtu akaribie, akamrushia. Ilimpata mdomoni. Uwanja mzima hakuna aliyethubutu kucheka. Yule mtu alitema, akajipangusa na mkia wa ile ngozi.

Kiongozi akatunyooshea fimbo, na sisi tukashangilia. Na mimi, Dada. Sauti yangu ilikuwamo. Rungu lilipoteremka tulikuwa tunaimba kwamba hakuna ashindaye kama yeye.

Jioni niliwapa watu wa uwanja kila nilichokuwa nacho isipokuwa nauli, iliyofika kabla ya barua yako, ambayo sikuweza kuigusa, wakaniachia mwili. Uzi wa ile mifuko nilikuwa siwezi kuufungua kwa vidole, niliukata kwa patasi yangu ya kazi. Nilimwosha. Nilimzika nje ya lango, kando ya barabara, chini ya mti wa msonobari. Kisha nikarudi kazini, nikakuta nimepangiwa kuchonga rungu la Herakle kwenye chapa ya dhahabu, na msimamizi ananihimiza. Nikalichonga. Nikaenda uani nikatapika, nikarudi nikalimalizia. Niliambiwa limetoka vizuri.

Sasa walewale waliokuwa wanaimba na mimi wanavuta sanamu zake kwa kamba njiani na kuzikojolea. Jirani yangu, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, amenikaribisha twende tukaone. Nimemfungia mlango usoni. Kiwandani tumeamriwa tuvunje chapa zote zenye uso wake, nami nimevunja za kwangu, miezi na miezi ya kazi, wala sikupata nafuu niliyoitegemea.

Nauli ya Tryfon narudisha kwa askari huyu.

Eumelos


Heraklea, Aprili, siku ya saba

Eumelos,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwa muda mrefu sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na sikujua mengine ni yako na mengine ni ya nani. Kwamba ulishangilia nimekusikia. Usiniombe niseme zaidi ya hapo kwa sasa.

Sifongo. Kitu cha kujipangushia chooni. Hata jiwe la kweli walimnyima.

Nikueleze ya huku, ujue kwamba uchafu haukuishia kwenu. Habari za kifo cha yule mtu zilipofika, baraza lilikaa asubuhi na kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limeamua kwamba tangu zamani lilimchukia. Zosimos akaagiza patasi. Vikapu vya sarafu alizozipiga kwa fahari kipupwe kizima akaviweka barazani, akakaa na watumishi, wanakwangua nyuso. Pua, ndevu, taya la simba, kwanguakwangua kutwa. Jina lake lililo pembeni hakuligusa. Wauza samaki sokoni nao wanasugua sura kwenye ukingo wa kisima kabla ya kupokea. Kila mtu anakwangua, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba alipiga kura.

Nilivumilia. Hadi juzi mezani. Zosimos alikuwa anakula vizuri, akafuta midomo, akasema, "Mwandikie ndugu yako atuchongee Kaisari mpya. Kazi ni ndogo. Ngozi ya simba aiache ilivyo, abadilishe uso tu."

Alisema hivyo akiwa anajua. Barua yako nilikuwa nimemsomea yote, hadi kwenye ule uzi.

Bakuli la mchuzi wa samaki lilikuwa karibu na mkono wangu. Nilimmwagia kichwani, lote, taratibu, likashuka kwenye ile kanzu mpya ya ukuu. Ananuka hadi leo, maana mchuzi ule hautoki, na barazani wanamkalia mbali. Sijali. Nimeshahamia chumba cha chini na mtoto wangu. Namtazama mume wangu akitafuna na nageuza uso. Si mtu mbaya, Eumelos. Ndilo hasa linalonichukiza, kwamba si mtu mbaya na anaweza kusema hivyo huku anatafuna.

Sasa kuna jambo moja halinipi usingizi, na ni wewe tu unayeweza kulijibu. Najua hukumzika bila sarafu mdomoni, nauli ya yule mvushaji wa mto wa wafu. Hata kama ulikuwa huna akili siku ile, mikono yako ingefanya, tumeona ikifanywa kwa baba na kwa mama. Lakini huko kwenu mwaka jana kila sarafu ilikuwa na uso wa yule mtu, na wewe mwenyewe umesema ulichokuwa nacho uliwapa watu wa uwanja. Nimezigeuzageuza hizi zetu zilizokwanguliwa, na hata hapo bado anaonekana, taya linabaki.

Kwa hiyo ulimwekea nini? Niambie kweli, hata kama ni kweli mbaya. Kama ndugu yetu ameshuka kule chini na muuaji wake juu ya ulimi, nitakwenda pangoni mimi mwenyewe, nitapiga kelele kwenye lile shimo hadi wamruhusu ateme.

Melitine


Roma, Juni, siku ya tatu

Dada Melitine,

Shikamoo. Hujaniita mdogo wako, nami sidai.

Ulichouliza nilikuwa sijamwambia mtu, kwa sababu ni kosa la kutupiwa wanyama, na Kaisari akibadilika sheria hiyo haibadiliki. Sasa nimeacha kazi kiwandani, naishi kwa kuchonga pete, kwa hiyo nakujibu.

Baada ya kumwosha nilitafuta kwenye mzigo wake. Zilikuwamo sarafu chache za shaba, na kwenye kila moja yumo Kaisari, na ngozi yake. Nilizitupa. Nikaenda kwa mpangaji wa chini kuomba ya zamani, akanipa moja iliyolika, ya wakati wa baba yake Kaisari. Nikaileta hadi midomoni mwa Tryfon. Dada, pua ni ileile. Mkono ukagoma.

Basi nikafunga mlango, nikamfunika Tryfon shuka, nikakaa karibu naye nikachonga. Nilichukua vipande viwili vya nondo iliyokatika, vikawa chapa. Shaba niliipata kwenye kifungo cha mkanda wake. Nilichonga mfululizo, na ile kazi ambayo kiwandani ilinitapisha ilinitoka mikononi bila kusita. Kichwani nikamvika ngozi ya simba, kwa kuwa kama kuna mtu aliyesimama mbele ya mnyama mwaka ule ni yeye. Ndani ya taya nikaweka uso wake, na masikio yake yale, na ule mdomo uliopinda upande anapokaribia kusema upuuzi. Upande wa pili nikamchonga mwili mzima, amesimama. Mahali pa rungu nikaweka mkongojo.

Nilipofika miguuni nilisimama. Nafasi ilikuwapo. Mguu mzima ni mikato michache tu kwangu, nimeichonga miguu ya Herakle tangu nijifunze kazi, ningeweza kufumba macho. Nikasema nimpe, nani ataniuliza. Kisha nikayatazama yale madoa ya rangi ya kijani yaliyokataa kutoka kiunoni mwake, na nikaona kinyaa na mkono wangu mwenyewe. Walikuwa wameshamshonea miguu siku ile. Sikutaka na mimi nimshonee mguu mwingine.

Nikamwacha alivyokuwa. Pembeni nikaandika, Tryfon wa Heraklea. Nilipiga sarafu moja tu, nikaziponda chapa, nikamfungua mdomo nikamwekea.

Mwambie Zosimos atafute mchongaji mwingine. Wewe usiende pangoni kupiga kelele. Mvushaji akiitazama ile sarafu, kisha akamtazama aliyemletea, ataona ni mtu mmoja.

Eumelos